Vim, VS Code, IntelliJ: kwa nini ubishi wa "ipi rahisi" hauishi

Mwaka 1983 watafiti wawili wa kampuni ya Xerox, Teresa Roberts na Thomas Moran, walichapisha utafiti ambao ningependa kila programa anayebishana kuhusu edita (programu ya kuandikia na kurekebishia kodi) aujue. Walichukua edita tisa za wakati ule, zinazotofautiana sana, na badala ya kuuliza watu "we unapenda ipi" wakakaa wakazipima. Wakasema "rahisi kutumia" ukiliacha kama neno moja halipimiki, inabidi ulivunje vipande vinne: mtu aliyebobea anamaliza kazi za kawaida kwa muda gani, huyohuyo aliyebobea anapoteza muda kiasi gani kwa kukosea na kurekebisha, mgeni kabisa anajifunza kwa kasi gani, na edita yenyewe ina uwezo wa kufanya mangapi kazi ikianza kuwa ngumu. Vitu vinne tofauti, na edita moja inaweza ikawa juu kabisa kwenye kimoja na ikawa ya mwisho kwenye kingine.

Sasa rudi kwenye ubishi wetu wa leo, wa edita za Vim, VS Code na IntelliJ, uangalie kinachoendelea. Mmoja anasema Vim ndo kila kitu, anamaanisha kasi ya mtu aliyebobea. Mwingine anasema VS Code, anamaanisha aliifungua asubuhi na mchana alikuwa anafanya kazi nayo bila kusoma kitabu chochote. Jamaa wa lugha za Java au Kotlin anasema hakuna kama IntelliJ, na yeye anazungumzia makosa yanayokamatwa mapema na uwezo wa kugeuzageuza projekti kubwa bila kuiharibu. Wote watatu wanasema ukweli na hakuna hata mmoja anayemjibu mwenzie, ndo maana huo ubishi unaweza ukaenda miaka arobaini na usiishe, na kweli umeenda.

Nataka tupitie hivyo vipande kimoja kimoja, alafu niongeze cha tano ambacho kwenye maabara ya Xerox hakikuwa tatizo ila kwetu ni tatizo kubwa, nacho ni uzito wa hiyo edita kwenye laptopu uliyonayo.

Vim na ile shida ya kutoka

Tuanze na Vim maana ndo inayogombaniwa kuliko zote. Mtu anaifungua mara ya kwanza, anabonyeza herufi hazitokei, zinatokea vitu vingine, anataka kutoka hajui anatokaje. Swali la namna ya kutoka kwenye Vim liliulizwa kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali ya maprograma, mwaka 2012 na kufikia 2017 lilikuwa limeshatazamwa zaidi ya mara milioni moja. Kwa kigezo cha mgeni kujifunza hii edita imefeli, na sioni sababu ya kuitetea hapo.

Lakini ukijua ilikotoka utaelewa kwa nini iko hivyo. Babu yake, vi, aliandikwa na Bill Joy mwaka 1976 akiwa mwanafunzi Berkeley, akitumia terminali (skrini na kibodi vilivyounganishwa na kompyuta kubwa) inaitwa ADM-3A. Kibodi ya ile terminali haikuwa na vitufe vya mishale vya kujitegemea, mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L, na kitufe cha Escape kilikaa pale ilipo Tab leo, yani kidole kinakifikia bila kunyanyua mkono. Alafu alitaka edita inayotumika hata kupitia modemu (kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu) ya biti 300 kwa sekunde, ambayo inapitisha kama herufi 30 tu kila sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mstari ni herufi 1,920, kwa hiyo kuichora upya skrini nzima inachukua zaidi ya dakika moja. Ukiwa kwenye hali hiyo amri ya herufi mbili inayobadilisha kitu bila kuchora skrini upya ni lazima, huna njia nyingine. Leo Escape imehamishiwa pembeni kule juu na tumebaki na edita iliyopimwa kwa kibodi ambayo haipo tena, ndo maana watu wengi wa Vim wanageuza Caps Lock kuwa Escape.

Na ile sababu ya mtandao wa polepole haijafa. Ukiingia kwenye seva iliyoko Ulaya au Marekani kwa SSH (njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa kuandika amri), unatumia mtandao wa simu unaosuasua, kila herufi unayoandika inasafiri kwenda na kurudi, hapo utaelewa kwa nini amri fupi zina maana. Tena vi imo kwenye kiwango cha POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix) kwa hiyo karibu kila seva ya Linux utakayoingia utaikuta yenyewe au ndugu yake. Hata kama hutaki kuifanya edita yako ya kila siku, mambo matano sita ya vi inabidi uyajue: i kuanza kuandika, Escape kutoka kwenye kuandika, :wq kuhifadhi na kutoka, :q! kutoka bila kuhifadhi, / kutafuta, u kurudisha ulichoharibu.

Hapa kuna jambo la kwetu Afrika Mashariki ambalo napenda kulisema kila nikipata nafasi. Vim yenyewe, ile iliyoboreshwa kutoka vi, ilitengenezwa na Mholanzi Bram Moolenaar, alianza kwenye kompyuta ya Amiga na toleo la kwanza la wazi likatoka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo lililokuwa limeumizwa vibaya na UKIMWI, watoto wengi wamebaki bila wazazi. Aliporudi akaanzisha mfuko wa kusaidia kile kituo cha watoto, na Vim akaitoa bure ila kwa ombi moja: ukiipenda, wasaidie watoto wa Uganda. Mpaka leo ukifungua Vim bila faili mara nyingi unaona hilo ombi kwenye skrini, na ukiandika :help uganda unapata maelezo yote. Mamilioni ya maprograma duniani wamelisoma jina la Uganda pale kabla hawajaandika mstari wao wa kwanza wa kodi. Bram alifariki Agosti 2023 na kazi inaendelezwa na wengine.

Modi, na kwa nini zinachanganya

Kinachomchanganya mgeni kwenye Vim kina jina, ni modi. Kitufe kilekile kinafanya kitu tofauti kulingana na hali uliyomo, herufi d ukiwa kwenye modi ya kuandika ni herufi d, ukiwa kwenye modi ya amri ni kufuta. Larry Tesler, mmoja wa waliotuletea kopi-pesti kule Xerox PARC miaka ya 70, aliwaangalia watu wa kawaida wakitumia kompyuta akaona modi ndo chanzo kikubwa cha makosa yao, akazipinga maisha yake yote mpaka pleti ya gari lake aliandikisha maneno ya kusema hakuna modi. Edita karibu zote tulizokulia nazo, kuanzia Notepad mpaka VS Code, zimefuata njia yake.

Kwa hiyo Tesler alikuwa sahihi na Bill Joy alikosea? Hapana, maana walikuwa wanatazama watu tofauti. Tesler alimtazama mtu anayekuja kwenye kompyuta mara ya kwanza. Mtu wa vi anakaa kwenye edita masaa nane kwa siku kwa miaka, na kazi yake nyingi ni kubadilisha kodi iliyopo, sio kuandika maandishi mapya mfululizo. Kwa mtu huyo kuwa na kibodi nzima ya amri bila kushikilia Ctrl na Alt ni faida ya kweli.

Faida kiasi gani? Hapa kuna kipimo kingine cha zamani kinasaidia. Mwaka 1980 Stuart Card, Thomas Moran (huyohuyo) na Allen Newell walitoa njia ya kukadiria muda wa kazi kwenye kompyuta kwa kujumlisha vitendo vidogo vidogo. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mtu anayechapa vizuri, ni sekunde 0.2. Kulenga kitu kwa mausi ni 1.1. Kuhamisha mkono toka kibodi kwenda mausi, au kurudi, ni 0.4. Na kitendo cha akili, ile kusita kidogo unapofikiria nifanye nini sasa, ni 1.35. Hiyo namba ya mwisho ndo ya kuishika.

Chukua kazi ya kufuta mstari ulioko mistari 12 chini ya pale ulipo. Kwa mausi unapeleka mkono 0.4, unalenga mwanzo wa mstari 1.1, unaburuta mpaka mwisho 1.1, unarudisha mkono 0.4, unabonyeza Delete 0.2, jumla 3.2, ongeza kufikiri mara moja unapata 4.55. Kwa Vim unaandika 12j kisha dd, vitufe vitano, sekunde 1, ongeza kufikiri mara moja ni 2.35. Karibu nusu, na mtu wa Vim ana haki ya kufurahi. Lakini mpe kazi hiyohiyo mtu mwenye wiki mbili kwenye Vim: anafikiri kwanza niko modi gani, anafikiri amri ya kufuta mstari ni ipi, anafikiri ni mistari mingapi, hiyo ni kufikiri mara tatu, 4.05 jumlisha 1 ya vitufe, unapata 5.05. Ameshapitwa na mausi, na hapo hata hajakosea bado.

Kilichobadilika kati ya hao watu wawili ni kichwa, edita ni ileile. Na kuna kitu kingine watu wanakifanya bila kugundua: wanamlinganisha bingwa wa Vim na mtu wa VS Code anayeshika mausi kwa kila kitu. Mtu aliyebobea kwenye VS Code naye hagusi mausi, anabonyeza Ctrl+G anaenda mstari anaotaka, Ctrl+Shift+K mstari umefutika. Hapo tofauti ya kasi inapungua sana, na ubishi mwingi unaoitwa wa edita unageuka kuwa ubishi wa nani amejifunza chombo chake na nani hajajifunza.

Ndo maana naona moja ya mawazo bora kabisa kwenye historia ya edita lilikuja na Sublime Text, ya Jon Skinner wa Australia, iliyoanza 2008. Ile ya kubonyeza Ctrl+Shift+P, kinafunguka kisanduku, unaandika vipande vya neno unalolikumbuka na amri inajitokeza, pembeni yake imeandikwa shotikati yake, yani vitufe vya mkato. Huhitaji kukariri, unahitaji kutambua tu, na kila ukiitumia unaiona shotikati mpaka siku moja vidole vinaijua vyenyewe. Mgeni anasaidiwa na bingwa anasaidiwa kwa kitu kimoja, jambo ambalo ni gumu kulipata. VS Code ilichukua hilo wazo na sasa hivi utalikuta karibu kila mahali.

IDE, na kazi ambayo hairuki machoni

Mpaka hapa nimezungumzia kuhariri maandishi, lakini jichunguze siku moja ya kazi. Masaa mangapi unaandika na masaa mangapi unasoma, unatafuta hii fanksheni (kipande cha kodi chenye jina) inaitwa wapi, hii variabo (jina linalobeba thamani) imebadilishwa na nani, kwa nini hii namba inatoka hasi? Kwenye projekti yoyote iliyozidi ukubwa wa zoezi la darasani, kusoma na kutafuta kunameza siku. Na hapa ndo IDE, yani edita iliyounganishwa na zana nyingine za kutengenezea programu, zinapojitetea.

Wazo la kuweka edita, kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) na debaga (ya kusaka makosa) sehemu moja ni la zamani. Turbo Pascal ya Borland ilitoka 1983 kwa dola 49.95 wakati kompaila nyingine zilikuwa zinauzwa mamia ya dola, unaandika, unabonyeza, programu inarani, ukikosea kesa (alama ya pale unapoandika) inakupeleka palepale kwenye kosa. Aliyeandika kompaila yake, Anders Hejlsberg, ndo huyo baadae akaja kuongoza C# na TypeScript kule Microsoft. Miaka ya Java ikaleta NetBeans, iliyoanza kama projekti ya wanafunzi kule Prague mwaka 1996, kisha 2001 zikatoka Eclipse ya IBM na IntelliJ IDEA ya JetBrains.

IntelliJ ilikuwa na jambo moja zito. Yenyewe haioni faili zako kama maandishi, inasoma projekti nzima na kujenga fahirisi, inajua hili neno ni klasi (kiolezo cha aina ya kitu), hili ni fanksheni, hii inarithi ile. Ndo maana ukifungua projekti kubwa inakaa kwanza inaindeksi na feni inapiga kelele. Lakini malipo yake ni haya: una klasi ya Malipo yenye kitu kinaitwa status, na klasi ya Mteja nayo ina status yake, na unataka kubadilisha jina la ile ya Malipo tu. Kwa kutafuta na kubadilisha maneno utaharibu zote mbili, na pengine utabadilisha mpaka maneno yaliyo ndani ya ujumbe anaousoma mteja. Kwenye IntelliJ unaweka kesa pale, Shift+F6, unaandika jina jipya, imeisha, ya Mteja haijaguswa. Rudi kwenye vile vipimo vinne, hapa tunazungumzia gharama ya makosa, na kwa kipimo hicho IDE nzuri inaokoa masaa ambayo hakuna shotikati ya kufuta mstari itakayoyafikia. Mimi ukiniuliza kipi nakithamini zaidi kati ya kuandika haraka na kutokuharibu, sihitaji hata kufikiri, kutokuharibu.

Android Studio, ya kutengenezea apu za Android, ambayo Google waliitangaza 2013 imejengwa juu ya IntelliJ hiyohiyo, kwa hiyo ukijua moja unaijua nyingine. Alafu kwa wanaoanza, Visual Studio na Visual Studio Code ni vitu viwili tofauti kabisa, ya kwanza ni IDE nzito ya tangu 1997, ya pili ni edita ya 2015, msidownlodi moja mkidhani ni nyingine mkamaliza bando.

Kilichobadilika 2016

Zamani mpaka kati ya edita na IDE ulikuwa wazi. Ukitaka edita ijue lugha fulani kwa undani ilibidi mtu aandike plagini (kiongezeo) ya hiyo lugha kwa hiyo edita, na mwingine aandike tena ya lugha hiyohiyo kwa edita nyingine. Lugha 20 na edita 10 ni kazi 200. Juni 2016 Microsoft pamoja na Red Hat na Codenvy walitangaza itifaki inayoitwa LSP, yani edita na "seva ya lugha" zinazungumza kwa ujumbe uliokubalika. Seva ya lugha ni programu inayorani pembeni kwenye kompyuta yako, edita inaiuliza "hili neno limetangazwa wapi", nayo inajibu faili fulani mstari fulani. Kila lugha inaandika seva moja, kila edita inajifunza kuongea mara moja, kazi 200 zinakuwa 30.

Matokeo yake ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Neovim, tawi la Vim lililoanza 2014, liliingiza LSP ndani yake kwenye toleo la 0.5 mwaka 2021, kwa hiyo ile hoja ya kwamba Vim haikamilishi maneno wala haijui kodi yako imeshapitwa. Ukiandika TypeScript kwenye Neovim na mwenzio akaandika kwenye VS Code, inawezekana kabisa akili inayowasaidia wote ni ileile, kilichotofautiana ni vitufe tu. IntelliJ bado ina injini yake yenyewe na kwenye Java na Kotlin bado naiona mbele kwenye kugeuza muundo wa kodi, ila pengo limepungua.

Kwa nini VS Code imeshinda kwa wingi, mpaka kwenye tafiti za Stack Overflow za miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 70 ya waliojibu wanaitumia? Ni ya bure, sawa, lakini Atom ya GitHub nayo ilikuwa bure, ilitoka kabla yake, na imejengwa juu ya teknolojia ileile ya Electron (ya kutengeneza programu za kompyuta kwa zana za wavuti), na bado ilifungwa rasmi Desemba 2022. Tofauti mojawapo ninayoiona ni ya usanifu. Atom iliruhusu ekstensheni (hizo plagini) kugusa chochote kwenye skrini, ukaruhusiwa kubadilisha kila kitu, na plagini moja mbovu ikagandisha edita nzima. Timu ya VS Code iliongozwa na Erich Gamma, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kubwa kwenye Eclipse, na wao wakaziweka ekstensheni kwenye prosesi yake ya pembeni, ekstensheni ikikwama we unaendelea kuandika. Walimnyima mtumiaji uhuru fulani wakampa edita inayoitika kidole muda wote. Naona walifanya sahihi.

Uzito ni sehemu ya urahisi

Hapa nisikilizeni vizuri wenye laptopu za RAM ya GB 4 na 8, ambao kwetu ndo wengi. Edita inayochukua sekunde mbili kuitika kila ukibonyeza kitu sio rahisi kutumia, hata kama ina kila kitu. Google wenyewe wanasema Android Studio inahitaji RAM ya GB 8 kwa uchache, na ukitaka na emyuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) iwe 16. VS Code kwenye maelezo yake inasema GB 1 inatosha, ila hiyo ni edita tupu, kumbuka ndani yake imebeba Chromium, injini ya brauza nzima.

Na mara nyingi unailaumu VS Code wakati mlaji ni mwingine. Zile seva za lugha nilizosema hapo juu ni programu kamili, ya lugha ya Java au ya Rust kwenye projekti kubwa inaweza kuchukua GB nzima na zaidi. Bonyeza Ctrl+Shift+P tafuta Process Explorer, itakuonyesha kila prosesi inakula kiasi gani, alafu zima ekstensheni ambazo huzitumii kwenye projekti hiyo, maana unaweza kuzima kwa projekti moja tu bila kuzifuta. Kwenye IntelliJ na Android Studio kuna Power Save Mode kwenye menyu ya File, inazima ukaguzi wa nyuma ya pazia, betri inadumu na feni inatulia, unaiwasha tena ukitaka kukagua. Na Gradle, zana inayojenga apu za Android, ina modi ya ofulaini, ukishavuta vitu vyote mara moja iwashe, isiende mtandaoni kila ukijenga apu.

Ukitaka kitu chepesi kweli chenye sura ya kisasa, Sublime Text bado ipo na ni nyepesi sana. Na kuna Zed, imeandikwa kwa Rust na baadhi ya watu walewale walioanzisha Atom, wameachana na Electron kabisa, kodi yake iliwekwa wazi Januari 2024. Mandhari, rangi na fonti siongelei, chagua usiumize macho tusonge mbele.

Kuhisi una kasi na kuwa na kasi

Nimeacha AI mpaka sasa kwa makusudi maana inarudi kwenye hoja ileile ya 1983. GitHub Copilot ilionyeshwa 2021, kisha ikaja Cursor ambayo ni VS Code iliyochukuliwa na kujengwa upya ikizunguka AI, na sasa watu wanalinganisha edita kwa kuuliza AI ya nani ni nzuri. Sawa, lakini pima. Julai 2025 shirika la utafiti wa AI la METR lilitoa jaribio walilofanya kwa maprograma wazoefu 16 kwenye projekti zao wenyewe walizozijua kwa miaka, kazi nyingine wakaruhusiwa AI, nyingine wakakatazwa. Baada ya kumaliza wao walikadiria AI imewaongezea kasi kwa asilimia 20. Saa ilionyesha walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Ni watu 16 tu na zana zinabadilika kila mwezi, kwa hiyo sisemi AI haifai, nasema hisia ya kasi ilitofautiana na saa kwa pengo kubwa sana, na kwa watu wazoefu. Kama hisia inaweza kudanganya hivyo kwenye AI, inadanganya na kwenye edita pia, kwa mtu wa Vim anayefurahia vidole vyake na kwa mtu wa mausi anayejiona hana tatizo.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua, usichague kwa video ya mtu anayechapa haraka. Chukua projekti yako mwenyewe, ile unayoijua, na fanya kazi unazofanya kweli: tafuta sehemu zote fanksheni fulani inapoitwa, badilisha jina la kitu kilichotumika kwenye faili nyingi alafu rani majaribio uone kama kimevunjika kitu, weka breikpointi (alama ya kuisimamisha programu hapo) ufuate bagi moja, yani kosa, mpaka mwisho, suluhisha mgongano wa Git (mabadiliko yanayogongana kwenye zana ya kutunza matoleo ya kodi). Fanya hivyo brauza yako ikiwa imefunguliwa na tabu zako zote za kawaida, usifungefunge vitu kwanza, maana ndo hali utakayoishi nayo. Washa saa ya simu. Rudia baada ya mwezi, kwa sababu siku ya kwanza unapima kujifunza na mwezi wa pili ndo unaanza kupima kasi, hivyo ni vitu viwili.

Kwa wale wanaoniuliza moja kwa moja: Java au Kotlin kwenye mashine yenye RAM ya kutosha, IntelliJ, na usijinyime. JavaScript, Python, mchanganyiko wa lugha, VS Code inatosha na zaidi, ila jifunze shotikati kumi unazozihitaji. Kama kazi yako ni seva muda wote na una subira ya miezi michache ya kwenda polepole, Vim au Neovim. Kama ndo unaanza programu wiki hii, usianze na Vim, una mambo mapya ya kutosha kichwani, na edita ya Thonny kwa Python ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili yako kabisa, inakuonyesha variabo zinavyobadilika hatua kwa hatua. Na kama unatengeneza apu za Android kwenye laptopu ya GB 8, achana na emyuleta, washa USB debugging kwenye simu yako, chomeka waya, rani apu humo humo, ile RAM uliyoiokoa iachie Android Studio iindeksi.